Hita ya gesi ya kempavani imegoma kuwaka: anza kwenye mtungi, malizia kwenye dohani

Mwongozo huu ni wa hita za chapa ya Truma, aina ya S 3002 na ndugu zake, S 3004 na S 5004, zile za kusimama ukutani zenye kirungu cha kuzungusha juu na kidirisha cha kutazamia moto karibu na sakafu. Ndizo zilizojaa kwenye magari ya kulala (kempavani) na karavani za kukokotwa za Ujerumani, Uholanzi na Uingereza. Mwishoni kuna maneno machache kuhusu Truma Combi, hita ya kupasha chumba na maji, ambayo inaendeshwa na kompyuta.

Kosa kubwa ni kukimbilia kufungua hita. Mara nyingi hita ni nzima. Tatizo liko kwenye mtungi, regyuleta (kifaa kinachopunguza shinikizo la gesi ya mtungi) au dohani. Fuata njia ya gesi jinsi inavyosafiri, usiruke hatua.

Kabla ya kugusa chochote

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inashuka sakafuni na kujikusanya. Ndiyo maana gari lina matundu ya sakafuni. Hakikisha hayajazibwa na zulia wala tope. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua milango, usiwashe wala kuzima swichi yoyote.

Sheria ya pili ni ya dakika 3. Ukijaribu kuwasha ikakataa, rudisha kirungu kwenye 0 na usubiri dakika 3 kamili ndipo ujaribu tena. Kwenye chumba cha moto kunakuwa na gesi isiyoungua. Cheche ikiikuta italipuka humo ndani, na mlipuko huo unaweza kupasua chumba cha moto au kung'oa kiungo cha dohani. Hita iliyopata mshtuko wa namna hiyo isiwashwe tena mpaka fundi aikague.

Uwe na kengele ya kaboni monoksidi iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya kulala (kiwango cha EN 50291-2). Hita hizi huvuta hewa ya kuunguza kutoka nje na kutoa moshi nje, kwa hiyo ikiwa nzima moshi hauingii ndani. Lakini wewe unachunguza ambayo si nzima.

Hita inawakaje

Ukizungusha kirungu hadi namba yoyote kati ya 1 na 10 kisha ukakibonyeza, unafanya mambo mawili: unafungua vali ya usalama kwa nguvu ya mkono, na unaamsha kiwashio kinachorusha cheche. Gesi ikishika moto, mwali unapasha ncha ya themokapo. Themokapo ni waya wa metali mbili zilizounganishwa. Ikipata joto inatoa umeme kidogo sana, milivolti 20 hadi 30. Umeme huo unatosha kushikilia vali ya sumaku ibaki wazi hata ukiachia kirungu. Moto ukizimika, themokapo inapoa, sumaku inaachia, gesi inakatika.

Kwa hiyo kuna mahali pa kukwama panne: gesi haifiki, cheche haipo, themokapo haishiki, au hewa haizunguki. Sikiliza na utazame kidirishani wakati wa kuwasha, utajua uko wapi:

- Cheche inasikika, hakuna mwali: hatua ya 1 hadi 3.
- Hakuna cheche: hatua ya 4.
- Mwali unakuja, ukiachia kirungu unazimika: hatua ya 5.
- Inawaka vizuri kisha inazimika baada ya dakika kadhaa, au mwali unayumba: hatua ya 6, kisha urudi kwenye ya 1.

Hatua ya 1: Mtungi

Usiamini kuutikisa. Upime kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma. Toa, utapata gesi iliyobaki.

Kisha soma ni gesi gani. Hapa ndipo wengi wanapokwama majira ya baridi. Butani inaacha kugeuka hewa nyuzi joto zikifika karibu na -0.5, wakati propani inaendelea hadi -42. Mtungi wa butani uliolala nje usiku wa baridi kali unaweza kuwa umejaa pomoni na bado hita isipate kitu. Mitungi ya bluu ya Campingaz ya kilo 2.75 ni ya butani. Ni mizuri kwa kiangazi, si kwa Januari kule milimani.

Mchanganyiko wa butani na propani una hila yake. Propani inatoka kwanza. Kadiri mtungi unavyopungua, kinachobaki ni butani nyingi zaidi. Hita iliyokuwa ikiwaka vizuri mtungi ukiwa mpya inagoma ukifika robo, na mwenye gari anaanza kulaumu hita. Dawa ni kuweka mtungi wenye propani pekee. Usipashe mtungi kwa moto wa aina yoyote, na usiulaze: gesi ikiingia kwenye regyuleta ikiwa bado kimiminika, shinikizo linaharibika na hatari inaanza.

Sasa jaribu jiko. Washa mafiga yote kwa pamoja, moto wa juu kabisa. Figa moja halitoshi kama kipimo, kwa sababu S 3002 ikiwa kwenye nguvu kamili inakula hadi gramu 280 kwa saa, na mfumo dhaifu unaweza kumudu figa dogo ukashindwa na hita. Ndimi zikibaki bluu na imara kwa dakika 2 au 3, gesi inafika hadi kwenye koki za mgawanyo, zile zinazofungua gesi kwa kila kifaa. Zikinywea taratibu, shida iko kwenye regyuleta au mpira.

Hatua ya 2: Regyuleta na mpira

Angalia kibandiko cha hita kwanza. Magari mapya ya Ulaya yanatumia shinikizo la gesi la milibari 30. Ya zamani ya Ujerumani yalikuwa milibari 50, na ya zamani ya Uingereza milibari 28 kwa butani na 37 kwa propani. Hita ya 50 ikilishwa 30 inatoa mwali mdogo usiofika vizuri kwenye themokapo. Hita ya 30 ikilishwa 50 ni hatari. Usijaribu hata mara moja.

Regyuleta za kisasa zenye kinga ya ajali, kama MonoControl CS na DuoControl CS, zina kitufe. Gari likirukia shimo au mtungi ukigongwa, kinga inafunga gesi. Bonyeza kitufe hicho kuirudisha. Mpira wenye kinga ya kupasuka nao una kitufe chake upande wa mtungi, na lazima kibonyezwe kila unapobadilisha mtungi. Ukikisahau, gesi haipiti kabisa, na hii ni moja ya sababu za kawaida za hita "kufa" mara tu baada ya kuweka mtungi mpya. Fungua pia vali ya mtungi polepole; ukiifungua kwa kasi kinga inadhani mpira umepasuka.

Nati ya mtungi inakazwa kinyume, kushoto. Ile ya Kijerumani yenye ringi ya mpira inakazwa kwa mkono tu. Spana inaikata ringi. Ile ya propani ya Uingereza, chuma kwa chuma, inahitaji spana.

Ukifungua mpira ukakuta mafuta mazito ya njano, hayo ni masazo ya gesi. Yakifika kwenye regyuleta yanaiziba, na regyuleta iliyolowa mafuta haisafishwi, inabadilishwa. Funga mpya juu zaidi ya mdomo wa mtungi, mpira ukiteremka kuelekea mtungini, ili mafuta yarudi yalikotoka.

Fundi mwenye kipimo cha maji (mrija wa maji wa kupimia shinikizo la gesi) atajua yote haya kwa dakika moja: milibari 30 ni kama milimita 306 za maji.

Hatua ya 3: Hewa ndani ya bomba

Baada ya kubadilisha mtungi au gari kukaa miezi, bomba limejaa hewa. Hakikisha koki ya hita kwenye mgawanyo imefunguliwa, washa jiko hadi liwake imara, kisha weka kirungu cha hita kwenye namba ya juu na ukibonyeze hadi mwisho. Gesi inaweza kuchukua hadi dakika nzima kufika. Isipowaka, 0, dakika 3, rudia. Mara tatu ikikataa, acha. Si hewa tena.

Angalia pia ufito unaotoka kwenye kirungu kushuka hadi kwenye vali. Kava likirudishwa vibaya, ufito haufiki mwisho na vali haifunguki hata ubonyeze vipi.

Hatua ya 4: Cheche

Kiwashio cha S 3002 kinatumia betri ndogo ya AA. Weka mpya ya alkalini. Za kuchaji zina volti 1.2 na nyingi hazitoshi. Ukikuta kutu ya kijani kwenye miguu ya chuma, isugue kwa msasa laini. Matoleo ya piezo hayana betri. Yanatoa cheche kwa kugongwa.

Zima mtungi, toa kava la mbele, mwenzako abonyeze kirungu huku taa za gari zimezimwa. Cheche iruke kati ya ncha ya elektrodi na kichoma moto. Ikiruka mahali pengine, kaure imepasuka au waya umechubuka. Ikisikika hafifu, ncha ina masizi. Nafasi ni ya milimita chache tu, na kipimo halisi kimo kwenye kitabu cha hita yako.

Hatua ya 5: Inawaka, inazimika ukiachia

Mafundi wasio wazoefu hubadilisha themokapo bila kupima. Kuna kipimo kisichohitaji kifaa. Washa, shikilia kirungu sekunde 10, achia. Ikizimika, rudia na ushikilie sekunde 30. Ikishika safari hii, themokapo iko hai lakini ni chafu, imechoka, au ncha yake imesogea nje ya mwali.

Ikishika, acha iwake dakika 5, zima kwa kufunga mtungi, kisha sikiliza. Mwali utakufa, na baada ya muda utasikia "tak" ya vali ya sumaku ikijifunga. Ikisikika karibu na sekunde 30, mfumo ni mzima. Ikisikika baada ya sekunde 2 au 3, themokapo inatoa umeme wa kubahatisha.

Kwa mita ya umeme: fungua nati ya themokapo kwenye vali, mwenzako ashikilie kirungu moto ukiwaka, pima kati ya ncha ya katikati na ganda la shaba. Chini ya milivolti 15, badilisha. Ikitoa 25 na bado vali inaachia, sumaku ndiyo imekufa, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya gesi. Kabla ya kuhukumu, safisha ncha ya nati kwa kitambaa kikavu na uirudishe kwa vidole kisha robo mzunguko. Uchafu mdogo hapo unakula milivolti zote. Ukikaza sana unaponda kizio na themokapo mpya inakufa siku hiyo hiyo. Usikunje waya wake kwa pembe kali.

Mwali wa njano au mfupi usiogusa ncha, shinikizo likiwa sawa, mara nyingi unamaanisha nozeli (kitundu cha kutolea gesi) ina uchafu. Ipulize kwa hewa ya kompresa. Usichokoe kwa sindano: tundu ni dogo kuliko milimita, na ukilipanua kidogo tu hita itaunguza vibaya na kutoa kaboni monoksidi.

Hatua ya 6: Dohani

Baada ya kiangazi, buibui na nyigu wanakuwa wameshahamia. Toa kofia ya juu, mulika tochi, angalia pia mdomo wa kuvuta hewa chini ya sakafu. Theluji juu ya paa inaziba vilevile; wanaolala milimani huongeza kipande cha dohani.

Bomba la moshi lipande mfululizo tangu kwenye hita hadi juu. Likilegea na kuunda tumbo, maji ya moshi yanakusanyika humo, hewa inakwama, hita inazima kila baada ya dakika chache. Ringi ya kiungo cha dohani ikiwa imekauka, weka mpya. Hapa usibanie pesa, kwani ndiyo inayotenganisha moshi na pumzi yako.

Kwa wenye Combi

Hii inahitaji volti 12 zilizo hai. Pima betri wakati hita inajaribu kuwaka, si ikiwa imelala. Ikishuka karibu na 10.5 inajizima. Ondoa kifuniko cha mdomo wa moshi ukutani, na funga dirisha lililo juu yake, kwani magari mengi yana swichi inayokata hita dirisha likiwa wazi. Kisha fyuzi. Ikifunga na kuonyesha hitilafu, izime dakika 5 ndipo uwashe, na namba inayotokea utafute maana yake kwenye kitabu chake. Vali inayojifungua na kumwaga maji kwenye baridi ya nyuzi 3 haizuii joto la chumba. Hita inawaka hata tangi la maji likiwa tupu.

Ukimaliza

Kila kiungo ulichogusa kipakwe povu la sabuni ya vyombo, mtungi ukiwa wazi na vifaa vyote vimezimwa. Povu likifura, kaza au ubadilishe, kisha paka tena. Usitumie kiberiti kutafuta uvujaji. Washa hita kwenye 10 kwa dakika 20, ukae nje dakika chache za mwanzo ukisikiliza dohani: mngurumo uwe wa sauti moja, na mwali kidirishani uwe bluu.