Krismasi na Mwaka Mpya Tanga mjini: kata tiketi mapema, ufuate maji

Ukija Tanga kula sikukuu za mwisho wa mwaka, chumba si tatizo kubwa. Kinachoharibu likizo ya watu wengi ni basi na bahari. Panga hayo mawili kwanza, mengine utayamaliza ukiwa huko huko.

Basi

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 350, saa sita hivi za njiani gari lisipopata matatizo. Msongamano wa Desemba unasababishwa na watu wa Kaskazini. Kuanzia katikati ya mwezi, wa Kilimanjaro na Arusha wanarudi kwao, na mnatumia njia moja mpaka Segera. Hapo wao wanaendelea na Korogwe, wewe unakata kulia kuelekea Muheza. Na magari nayo hufuata abiria, hivyo usitegemee kufika stendi ya Magufuli pale Mbezi asubuhi ya tarehe 23 ukakuta siti zinakusubiri.

Kwa safari ya kati ya tarehe 18 na 24, kata tiketi katikati ya Novemba. Mwaka 2026 Krismasi ni Ijumaa, kwa hiyo wikiendi ya tarehe 19 na 20 na siku mbili za mwisho, 23 na 24, ndizo zitakazobana. Jumatatu ya 21 au Jumanne ya 22 utasafiri umekaa vizuri. Kabla hujaondoka dirishani isome tiketi: tarehe, saa ya kuripoti, namba ya siti, na kituo cha kushukia kiwe Tanga. Ikiwa imeandikwa Segera, umekatiwa gari la Arusha, na utashushwa njia panda na mabegi yako ukiwa bado na kilomita 70. Nauli elekezi ni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Mpiga debe akikutajia bei nyingine eti kwa sababu ya msimu, mwache, nenda dirishani.

Ukikosa kabisa, gari la Arusha linaweza kukufikisha Segera, ila mwezi huo huenda ukalipishwa nauli ya mwisho wa safari. Fika Segera kabla ya saa 9 alasiri ili upate Coaster ya kwenda mjini kungali mchana.

Mwenye gari binafsi apitie Bagamoyo na Msata, aepuke malori ya Kibaha na Chalinze. Kwenye vijiji, mwendo ni 50. Askari wenye tochi za kupima mwendo hukaa pale kibao kinapoanza, na faini ni shilingi 30,000 kwa kosa.

Mabasi yanaishia Kange, nje kidogo ya mji. Bajaji za kuingia mjini zimejaa nje ya geti. Patana bei kabla ya kupandisha begi.

Chumba

Raskazone na Bombo kuna upepo na bahari iko jirani, lakini chakula cha mtaani kiko mbali. Ngamiani, kwenye barabara zinazoitwa kwa namba, kila kitu kiko mlangoni, na kelele pia. Kange lala tu kama basi lako linaondoka alfajiri.

Desemba ni joto, digrii 30 na zaidi mchana, na usiku haupoi sana. Ukipiga simu usiulize tu kama kuna kiyoyozi. Uliza kama jenereta linakibeba umeme ukikatika, maana mengi huwasha taa na feni tu. Uliza kama kuna tangi la maji na neti isiyotoboka. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua chumba chenye dirisha upande wa kaskazini mashariki. Kaskazi ndiyo inayovuma msimu huo, na dirisha lililofungukia huko linapunguza sana joto la usiku.

Fedha

Ijumaa tarehe 25, Jumamosi tarehe 26 ni sikukuu ya kupeana zawadi, kisha Jumapili. Siku tatu mfululizo kaunta za benki zimefungwa. Mashine za kutolea fedha huishiwa, na wakala naye anakosa noti. Toa fedha Jumatano tarehe 23. Viingilio vya sehemu za serikali hulipwa kwa namba ya malipo kupitia simu, kwa hiyo acha salio la kutosha kwenye simu.

Mji una Waislamu wengi, hivyo Krismasi hutalala njaa. Maduka na migahawa mingi ya Ngamiani hufunguliwa kama kawaida. Ila kwa kuwa ni Ijumaa, wengi watafunga kuanzia saa 6 na nusu hivi hadi saa 8 kwa ajili ya swala. Kula mapema: mbaazi za nazi na maandazi asubuhi, halafu samaki wa kupaka jioni.

Bahari

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Wanapanga siku ya Maziwe kwa kalenda, ilhali Maziwe inapangwa kwa mwezi wa angani. Ni kisiwa cha mchanga mtupu baharini mbele ya Pangani, hakina mti wala kivuli, na maji yakijaa kinamezwa. Ukifika saa isiyo yake utaogelea juu ya kisiwa.

Kanuni ya pwani hii ni rahisi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua: maji hupwa sana kwenye saa 4 asubuhi na kujaa kwenye saa 10 jioni. Kila siku inayofuata, saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja yanakuja maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, saa zimegeuka, maji yanajaa asubuhi, na mchanga wa Maziwe unaonekana kidogo au hauonekani kabisa.

Mwaka 2026 mwezi unapevuka tarehe 24 Desemba. Yaani Krismasi yote ni bamvua. Maziwe iweke tarehe 25 au 26: toka Tanga saa 11 alfajiri, Pangani ni kama kilomita 50, na boti iwe imeondoka saa 2 na nusu. Kodi upande wa Pangani mjini, usivuke mto kwenda Bweni ukapoteza muda. Hesabu majaketi ya kuokolea kabla ya kupanda, moja kwa kila kichwa, na la mtoto liwe la mtoto. Beba maji ya kunywa, kofia, na nguo ya mikono mirefu. Rudi kabla ya saa 7, kwa sababu kaskazi huongezeka mchana na mawimbi hukua. Njiani kurudi pitia magofu ya Tongoni, kilomita zisizofika 20 kabla ya mji: msikiti wa kale na makaburi kama 40, nusu saa inatosha.

Kuogelea Raskazone ni kinyume chake. Maji yakitoka unabaki na tope na miamba. Siku za Krismasi hiyo nenda jioni. Mwaka Mpya utakuwa na maji mafu, kwa hiyo nenda asubuhi. Saa kamili muulize mvuvi, ataitaja bila kuangalia saa.

Siku zilizobaki

Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kwenye barabara ya Horohoro: nenda asubuhi na mwongozaji, na uvae raba. Ndani kuna giza, popo, na sehemu za kupita umeinama, kwa hiyo tochi ya simu peke yake haitoshi. Mvua za vuli zikiwa bado hazijakatika, njia inateleza. Mji wenyewe uuzunguke kwa baiskeli: Boma la Mjerumani lenye makumbusho ya Urithi, mnara wa saa, bandari.

Wenye watoto wasitegemee disko toto, maana polisi hulipiga marufuku mara nyingi. Kuchoma matairi na fataki bila kibali usiku wa mwaka mpya nako ni kosa.

Tiketi ya kurudi ikate siku ile ile unayokata ya kwenda. Jumapili tarehe 3 Januari 2027 wote wanarudi. Afadhali tarehe 29 Desemba, au ungoje mpaka 5. Ondokea Kange. Usisubiri Segera kwa matumaini, magari ya Moshi hufika pale yamejaa mpaka mlangoni.