Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Kisiasa wa Waziri Mkuu: Mfano wa Mamadou Dia wa Senegal

Anayeandika maisha ya waziri mkuu aliyeangushwa huvutwa kuanza na siku ya anguko, kisha kuyapima mambo yote yaliyotangulia kwa siku hiyo moja. Mamadou Dia, aliyeongoza serikali ya Senegal hadi Desemba 1962, ameandikwa hivyo mara nyingi mno, na kwa maoni yangu amedhulumiwa, kwa sababu kazi aliyoifanya kabla ya mwezi huo ndiyo inayoeleza kwa nini aliangushwa.

Anza na cheo kabla ya mtu. Senegal ilipojitawala mwaka 1960 ilikuwa na wakuu wawili: Léopold Sédar Senghor alikuwa Rais na mkuu wa nchi, na Dia alikuwa Rais wa Baraza la Mawaziri, yaani waziri mkuu, mwenye kuongoza serikali na sera zake. Msomaji asiyeelezwa mapema mpaka kati ya madaraka hayo mawili ataudhani mgogoro wao kuwa chuki ya watu wawili tu. Kwa msomaji wa Tanzania unaweza kuongeza kwamba Desemba hiyohiyo ya 1962 Tanganyika ilikuwa jamhuri, wadhifa wa waziri mkuu ukaondolewa, na Rashidi Kawawa aliyekuwa akiushika akawa Makamu wa Rais, bila mtu kwenda gerezani.

Baada ya hapo panga miaka. Dia alizaliwa Khombole mwaka 1910, akasomea ualimu katika chuo cha William Ponty, akafundisha, kisha mwaka 1948 akashirikiana na Senghor kuanzisha chama cha Bloc Démocratique Sénégalais. Mwaka huohuo akawa seneta katika Bunge la Ufaransa. Mahali hapa mtambulishe pia Lamine Guèye, mwanasiasa mkongwe ambaye chama hicho kipya kilikuwa kikishindana naye, kwa kuwa atarudi katika simulizi mwaka 1962 akiwa Spika wa Bunge. Shirikisho la Mali, yaani muungano wa Senegal na Sudani ya Kifaransa (Mali ya leo) uliovunjika Agosti 1960, lipe aya moja fupi.

Sehemu itakayokula nafasi kubwa ni karanga. Uchumi wa Senegal ulitegemea zao hilo, na kwa miaka mingi biashara yake ilikuwa mikononi mwa makampuni ya Kifaransa na wafanyabiashara waliomkopesha mkulima wakati wa njaa na kumdai wakati wa mavuno. Serikali ya Dia, ikishauriwa na padri na mwanauchumi Louis-Joseph Lebret, ilitunga mpango wa maendeleo wa miaka minne, ikaunda chombo cha umma cha kununua mazao, ikaeneza vyama vya ushirika, na kupeleka vijijini watu wa kuwahamasisha wakulima wajisimamie. Eleza hatua hizi moja baada ya nyingine, na kwa kila hatua uliza ni nani aliyepoteza. Utawakuta wafanyabiashara, baadhi ya viongozi wa tarika za Kiislamu waliokuwa na mashamba makubwa ya karanga, na wabunge waliokuwa karibu nao. Ukiifanya kazi hii vizuri, msomaji ataiona Desemba ikija kabla hujaitaja.

Ukiifikia tarehe 17 Desemba 1962, chunga kila kitenzi. Sentensi kama “Dia alijaribu kuipindua serikali” ni hukumu iliyojificha, tena ina kasoro ya wazi, kwani serikali ilikuwa yake. Andika badala yake: “Wabunge walipotaka kujadili hoja ya kutokuwa na imani na serikali, Dia, akishikilia kwamba suala hilo lilipaswa kuamuliwa kwanza na chama tawala, alituma askari kuwaondoa bungeni, wabunge wakakutana nyumbani kwa Lamine Guèye na kuipitisha hoja hiyo.” Sentensi hiyo ni ndefu, lakini inabeba kitendo, sababu aliyoitoa mtendaji na jibu la wapinzani wake, na inamwachia msomaji uamuzi. Usiufiche ukweli kwamba alitumia askari dhidi ya wabunge. Anayempenda Dia ana wajibu mkubwa zaidi wa kuliandika jambo hilo waziwazi.

Alikamatwa kesho yake, na mwaka 1963 akahukumiwa kifungo cha maisha na kupelekwa Kédougou, kusini-mashariki mwa nchi, mbali sana na Dakar. Wasifu usiishie hapo. Katiba ya 1963 iliufuta wadhifa wake, nao ukarudishwa mwaka 1970 na kupewa Abdou Diouf. Dia mwenyewe aliachiliwa mwaka 1974, akapata msamaha mwaka 1976, akaendelea kuandika na kusema juu ya siasa za nchi yake hadi alipofariki Januari 2009, akiwa na miaka 98.

Kumbukumbu alizoziandika baada ya kutoka gerezani zitumie kwa yale aliyoyafikiri na kuyakusudia; kwa tarehe, kura na masharti ya katiba, rudi kwenye gazeti rasmi la serikali na magazeti ya wakati ule.