Namna ya Kuwalinganisha Washambuliaji Nyota wa Enzi Tofauti

Mabishano kuhusu mshambuliaji bora wa nyakati zote hayaishi Nairobi. Utayasikia chini ya miti ya bustani ya Jeevanjee, utayasikia kwa kinyozi mtaani Kaloleni, na utayasikia ndani ya matatu iliyochorwa sura ya mchezaji ubavuni. Mzee anamtaja Pelé, kijana anamtaja Haaland, na hadi wanashuka hakuna aliyemsogeza mwenzake hata hatua moja, kwa sababu kila mmoja anapima kwa kipimo cha enzi yake. Ninaamini kwamba ulinganisho wa haki unawezekana, kwa sharti moja: kila bao lipimwe kwanza dhidi ya ugumu wa kufunga katika enzi lilipofungwa, ndipo wachezaji wenyewe wawekwe pamoja. Kazi hiyo inahitaji karatasi, kikokotoo cha simu na subira.

Liandike swali kabla ya kutafuta jibu

Anayeuliza nani alikuwa bora huwa anauliza maswali kadhaa kwa mara moja. Je, ni bora katika msimu mmoja, katika maisha yote ya uchezaji, katika mashindano makubwa, au katika jezi ya taifa? Marco van Basten wa Uholanzi alitwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, mara 3, mwaka 1988, 1989 na 1992, lakini jeraha la kifundo cha mguu lilimfanya acheze mechi yake ya mwisho ya ushindani mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 28. Just Fontaine wa Ufaransa naye alilazimika kustaafu mwaka 1962 akiwa na umri huohuo. Swali likihusu wingi wa mabao ya maisha yote, hawa wawili wanatoka mapema. Likihusu kilele cha ubora, wanarudi mstari wa mbele. Kwa hiyo andika swali lako juu ya karatasi, na umkatalie yeyote anayejaribu kulibadilisha katikati ya mjadala kwa sababu mchezaji wake ameanza kushindwa.

Safisha takwimu

Takwimu zinazotajwa mitaani huwa zimechanganywa. Mabao 1,281 ya Pelé katika mechi 1,363, ambayo wengi huyataja, yanajumuisha mechi nyingi za kirafiki. Sikubaliani na wanaozitupa mechi hizo zote, kwa kuwa klabu ya Santos ilizunguka dunia ikicheza na timu kubwa za Ulaya, tena mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio ili wamwone Pelé. Hata hivyo, ziwekwe kwenye safu yake ya pembeni. Kwenye safu ya mechi rasmi za timu ya taifa yabaki mabao yake 77 katika mechi 92. Neymar alimpita kwa idadi mwaka 2023, akiwa amecheza zaidi ya mechi 120, na tofauti hiyo ya mechi ni lazima iandikwe kando ya idadi ya mabao.

Mtego mwingine ni kudhani kwamba soka ya Uingereza ilianza mwaka 1992, Ligi Kuu ya sasa ilipoanzishwa. Alan Shearer anashikilia rekodi ya mabao 260 tangu mwaka huo, lakini Jimmy Greaves alikuwa amekwisha kufunga mabao 357 katika daraja la kwanza la nchi hiyohiyo, wakati daraja hilo ndilo lililokuwa juu kuliko yote. Ligi ilibadilishwa jina na mikataba ya televisheni, wavu haukubadilika.

Kisha tenga penalti. Shearer alifunga mabao yake 260 katika mechi 441, sawa na 0.59 kwa mechi, ilhali Andy Cole alifunga 187 katika mechi 414, sawa na 0.45. Pengo hilo linaonekana pana mno. Lakini penalti 56 zimo ndani ya mabao ya Shearer, na ndani ya mabao ya Cole imo moja tu. Ukiziondoa, Shearer anabaki na 0.46 na Cole anabaki na 0.45, yaani wanakaribia kulingana. Ukimtia Thierry Henry katika hesabu hiyohiyo, mwenye mabao 175 katika mechi 258 na penalti 23, anapata 0.59 bila penalti na kuwaacha wote wawili mbali. Sisemi kwamba penalti ni bao bandia, kwa kuwa kuifunga mbele ya umati kunahitaji moyo mgumu. Ninasema kwamba ni kazi ya aina nyingine na inastahili safu yake.

Mahali dakika za uwanjani zinapopatikana, zitumie badala ya mechi. Katika ligi ya Uingereza mchezaji wa akiba hakuruhusiwa kuingia hadi msimu wa 1965-66, hivyo mechi moja ya Greaves kijana ilikuwa dakika 90 kamili, au ilikuwa kuchechemea hadi kipenga cha mwisho. Mshambuliaji wa leo anayeingia dakika ya 80 anahesabiwa mechi nzima, na huko ni kumwonea.

Pima bao kwa enzi yake

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Sheria zenyewe za mchezo zimekuwa zikibadilika, na kila badiliko limeongeza au kupunguza mabao. Hadi mwaka 1925 mshambuliaji alihesabiwa ameotea iwapo hapakuwa na wapinzani watatu kati yake na lango. Mwaka huo idadi ikashushwa hadi wawili. Katika daraja la kwanza la Uingereza mabao yalipanda kutoka 1,192 msimu wa 1924-25 hadi 1,703 msimu uliofuata, kwa idadi ileile ya mechi 462. Washambuliaji hawakuamka asubuhi moja wakiwa hodari kuliko jana. Mlango ulikuwa umefunguliwa. Baadaye, mwaka 1990, mshambuliaji aliye sambamba na beki aliruhusiwa kuendelea, mwaka 1992 kipa alikatazwa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, na mwaka 1998 waamuzi waliagizwa kutoa kadi nyekundu kwa beki anayekwatua kwa hatari kutoka nyuma. Kila unapotaja mchezaji, jiulize alicheza chini ya sheria zipi.

Njia rahisi ya kusawazisha ni hii. Tafuta jumla ya mabao ya ligi au mashindano, uigawanye kwa idadi ya mechi, kisha ugawanye tena kwa 2 ili upate wastani wa timu moja katika mechi moja. Halafu chukua wastani wa mshambuliaji wako na uugawanye kwa wastani huo wa timu. Jibu litakuambia mtu huyo peke yake alikuwa sawa na sehemu gani ya timu ya kawaida ya wakati wake.

Tuijaribu kwa Kombe la Dunia, ambalo takwimu zake ni rahisi kupatikana. Mwaka 1954 yalifungwa mabao 140 katika mechi 26, yaani 2.69 kwa timu. Sándor Kocsis wa Hungaria alifunga 11 katika mechi 5, sawa na 2.2 kwa mechi, na ukigawanya unapata 0.82. Mwaka 1990, mashindano yaliyosifika kwa ubahili wa mabao, yalifungwa 115 katika mechi 52, yaani 1.11 kwa timu. Salvatore Schillaci wa Italia alifunga 6 katika mechi 7, na jibu lake ni 0.78. Kwa macho ya kawaida 11 na 6 haziwezi kukaa meza moja, lakini baada ya kusawazisha wanaume hawa wawili wanakaribiana sana, tena Schillaci aliingia kama mchezaji wa akiba katika mechi mbili za kwanza. Kylian Mbappé, aliyefunga 8 katika mechi 7 mwaka 2022, anapata 0.85. Gerd Müller, aliyefunga 10 katika mechi 6 mwaka 1970, anapata 1.12. Fontaine na mabao yake 13 katika mechi 6 mwaka 1958 anapata 1.20, yaani peke yake alizidi timu nzima ya kawaida ya mashindano yale. Anayesema kwamba Fontaine alibebwa na enzi ya mabao mengi amejibiwa: enzi imekwisha kuondolewa, na bado yuko juu.

Hesabu hii ina udhaifu wake, nao ni lazima usemwe. Mashindano yenye mechi chache huyumbishwa na mechi moja au mbili zisizo na uwiano. Mabao 7 kati ya 11 ya Kocsis yalitoka katika ushindi wa 9-0 dhidi ya Korea Kusini na wa 8-3 dhidi ya Ujerumani Magharibi. Hata hivyo alifunga pia mawili dhidi ya Brazil na mawili dhidi ya Uruguay, na hayo ndiyo ningeyaweka mbele kama ningekuwa wakili wake.

Tazama waliomzunguka, kisha mtazame mwenyewe

Uliza mshambuliaji alibeba sehemu gani ya mabao ya timu yake. Dixie Dean alifunga 60 kati ya mabao 102 ya Everton katika ligi ya msimu wa 1927-28, sawa na asilimia 59. Erling Haaland alifunga 36 kati ya 94 ya Manchester City msimu wa 2022-23, sawa na asilimia 38. Asilimia kubwa inaweza kumaanisha mchezaji mkubwa, au timu iliyokuwa na njia moja tu ya kufika langoni, na takwimu peke yake haitakuambia ni lipi kati ya hayo. Kwa sababu hiyo tazama mechi nzima, ukiacha vipande vya mabao vinavyosambazwa kwenye simu, kwa kuwa vipande havionyeshi mikimbio isiyopewa pasi wala mabeki waliovutwa ili mwingine afunge. Msimu wa 2002-03 Henry alifunga mabao 24 ya ligi na kutoa pasi 20 za mabao. Asiyehesabu hizo 20 hajamwona Henry.

Swali la iwapo Greaves angetamba leo silipendi, kwa sababu anayeliuliza humleta Greaves bila mazoezi, lishe, viatu na madaktari wa leo. Ukimleta, mletee na hivyo.

Nyota wetu ambao hawakurekodiwa

Kazi huwa ngumu zaidi tunapofika nyumbani, na hapa ndipo ninapoumia, kwa kuwa washambuliaji wetu wamenyimwa nafasi katika mijadala hii kwa kosa la kucheza mahali ambapo kamera zilikuwa adimu. Joe Kadenge alijulikana nchi nzima kupitia redio, na msemo "Kadenge na mpira" unatamkwa hadi leo na watu ambao hawajawahi kumwona akicheza. Peter Dawo aliibuka mfungaji bora wa Kombe la Washindi Barani Afrika mwaka 1987, klabu yake ya Gor Mahia ilipolitwaa kwa kuitoa Esperance ya Tunisia kwa sheria ya bao la ugenini, iliyoipa ushindi timu yenye mabao mengi zaidi ya ugenini jumla zikilingana. Hawa tutawapimaje?

Anza na magazeti ya zamani, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko barabara ya Moi Avenue au katika maktaba ya McMillan. Tafuta kwa majina ya wakati huo: AFC Leopards ilikuwa ikiitwa Abaluhya, na Tusker ilikuwa Kenya Breweries. Nakili matokeo, wafungaji na dakika, hata kama ni ya msimu mmoja, kwa sababu msimu mmoja uliokamilika unafaa kuliko miaka kumi ya makisio.

Kisha waendee wazee, lakini usiwaulize nani alikuwa bora. Waulize alipiga kwa mguu gani, beki gani alimsumbua, alisimama wapi mpira ulipokuwa kwa winga, na alifanya nini timu ilipokuwa nyuma. Msikilize kila mmoja peke yake ili wasiambukizane kumbukumbu. Ushuhuda wa mpinzani una uzito maradufu: shabiki wa Ingwe, yaani AFC Leopards, akikuambia kwa hiari yake kwamba Dawo alikuwa akiwakosesha usingizi kabla ya debi ya Mashemeji, mechi yao na Gor Mahia, andika kwa wino mzito.

Kwa Michael Olunga kazi ni nyepesi, kwani takwimu zipo. Alifunga mabao 27 katika daraja la pili la Japani mwaka 2019, 8 kati ya hayo katika mechi moja ambayo klabu yake, Kashiwa Reysol, ilishinda 13-1. Mwenye shaka angesema kwamba hayo ni mabao ya daraja dogo. Mwaka 2020, klabu ikiwa imepanda, alifunga 28 katika daraja la kwanza na akatajwa mchezaji bora wa ligi. Mchezaji anayepanda daraja bila mabao yake kupungua amekupa ushahidi ambao mastaa wengi wa Ulaya hawakuwahi kuombwa kuutoa.

Mfano mmoja hadi mwisho

Chukua Müller na Robert Lewandowski, waliovaa jezi ya Bayern Munich katika ligi ileile ya mechi 34. Swali la kwanza: nani alikuwa na msimu bora wa ligi? Müller alifunga 40 msimu wa 1971-72, timu ikifunga 101. Lewandowski alifunga 41 msimu wa 2020-21, timu ikifunga 99. Sehemu zao ni asilimia 40 na asilimia 41, lakini Lewandowski alizipata katika mechi 29 tu. Msimu huo ninampa Lewandowski.

Swali la pili: nani alikuwa mkubwa zaidi katika jezi ya taifa? Müller ana mabao 68 katika mechi 62, na 14 ya Kombe la Dunia. Lewandowski ana mawili ya Kombe la Dunia. Poland haikumpa Lewandowski wachezaji wa kiungo ambao Ujerumani Magharibi ilimpa Müller, na jambo hilo linapunguza pengo. Haliwezi kulifuta, kwa kuwa wastani unaozidi bao moja kwa kila mechi ya taifa ungekuwa wa ajabu katika enzi yoyote. Hapo ninampa Müller, na majibu yote mawili yanabaki kwenye karatasi moja, kila moja chini ya swali lake.