Somo: Madaftari ya kale ya parokia za Kianglikana, kutoka sandukuni hadi rafuni

Somo linahusu Kanisa la Uingereza, ambako kazi hii ina historia ndefu na sheria zake. Mwaka 1538 Thomas Cromwell aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko kila wiki, na daftari likae ndani ya sanduku lenye kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa kasisi, wa pili kwa wazee wa kanisa. Sheria iliyoanza kutumika 1813 ikadai sanduku la chuma, kavu na lililopakwa rangi vizuri. Nia ilikuwa njema, ila chuma ndani ya kanisa la baridi hutoa jasho, na jasho hilo huishia kwenye karatasi. Ukifungua sanduku la namna hiyo, anza kwa kutarajia ukungu.

Hatua ya 1. Jua kinachopaswa kuondoka kanisani. Sheria ya kanisa ya 1978, iliyoanza kazi 1979, inataka madaftari ya ubatizo na maziko yaliyokwisha kujaa zaidi ya miaka 100 iliyopita yapelekwe kwenye hifadhi ya nyaraka ya dayosisi, isipokuwa askofu ameruhusu vinginevyo. Kwa kawaida hifadhi hiyo ni ofisi ya kumbukumbu ya kaunti. Yanayobaki parokiani hukaguliwa kila miaka sita. Usiishie kwenye madaftari tu: hesabu za wazee wa kanisa, kumbukumbu za vikao, karatasi za wasimamizi wa maskini na hati za makazi (zilizoonyesha ni parokia gani iliyowajibika kumsaidia mtu akiwa maskini) zina habari ambazo daftari la ubatizo halizijui.

Hatua ya 2. Orodhesha kabla ya kupanga. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na mwenye kuharibu huwa mtu mwenye bidii. Anatoa kila kitu, anavipanga upya kwa tarehe au kwa ukubwa, na ushahidi wa nani alikitunza na kwa kazi gani unapotea siku hiyohiyo. Piga picha ya sanduku lilivyo. Andika kila kitu kwa mfuatano uliokikuta: aina, mwaka wa kwanza na wa mwisho, hali yake, idadi ya kurasa.

Karatasi iliyochomekwa ndani ya kitabu usiitoe mpaka umeandika ilikuwa kati ya ukurasa gani na upi. Kipande kinachoonekana takataka kinaweza kuwa kiapo kwamba marehemu alizikwa kwa sanda ya sufu, kama sheria ilivyotaka katika karne ya 17 ili kulinda biashara ya sufu. Kikikaa karibu na jina lake kwenye daftari la maziko, kina maana. Kikitupwa kwenye bahasha ya "mengineyo", umebakiwa na kikaratasi.

Hatua ya 3. Karantini. Vyote viingie kwenye chumba cha peke yake, mbali na nyaraka safi. Kagua mgongo wa kitabu, mishono na pembe: unga mwembamba na vitundu vya mviringo ni dalili ya wadudu. Wadudu hai huuawa kwa baridi. Funga kitabu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kisha kikae wiki mbili kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, au siku tatu kwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Kikitolewa, mfuko usifunguliwe hadi kitabu kirudie joto la chumba, la sivyo maji yatatonea juu ya karatasi baridi.

Hatua ya 4. Usafi. Ukungu unaong'aa au kunata bado uko hai. Ukauke kwanza kwenye hewa kavu inayozunguka. Ukiwa mkavu, uondoe kwa brashi laini ukielekeza vumbi kwenye kifyonzavumbi chenye kichujio cha chembe ndogo. Vaa barakoa inayozuia chembe hizo. Kitambaa chenye maji hapana: kinasukuma ukungu ndani ya nyuzi za karatasi, na kwenye wino wa chuma, yaani wino wa zamani uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma, unyevu huamsha asidi inayokula karatasi hadi maneno yanadondoka kama dirisha lililotobolewa.

Ngozi ya kuandikia ina tabia yake. Hujikunja unyevu unapobadilika, na joto huisinyaza moja kwa moja. Pasi isiisogelee.

Hatua ya 5. Ondoa vyuma na mipira. Pini, klipu na raba bendi zote zitoke. Pini iliyoshika kutu usiivute. Pitisha kipande cha plastiki nyembamba chini yake, kisha inua miguu yake kwa kisu butu.

Hatua ya 6. Namba na boksi. Namba ya rejea iandikwe kwa penseli laini ya 2B. Kalamu ya wino haina nafasi hapa. Mfumo wa kawaida huipa parokia namba yake, kisha kundi, kisha kitabu. Kwa mfano P 27/1/3 ni daftari la tatu katika kundi la kwanza la parokia ya 27. Vitabu vizito vilale, visizidi viwili au vitatu kwa boksi, vikubwa chini. Boksi liwe la kadibodi isiyo na asidi na lisijazwe kwa nguvu. Jalada lililolegea lifungwe kwa utepe wa pamba usiotiwa rangi, fundo likae upande wa kurasa, lisikandamize ngozi ya jalada.

Hatua ya 7. Chumba. Joto kati ya nyuzi 13 na 20, unyevu kati ya asilimia 35 na 60. Kupanda na kushuka kwa ghafla ni kubaya kuliko namba yenyewe kuwa juu kidogo. Rafu ya chini kabisa iwe sentimita 15 juu ya sakafu, kwa kuwa bomba hupasuka usiku.

Hatua ya 8. Makabidhiano. Hati iandikwe nakala mbili, ikitaja kila kitabu, na iseme wazi kwamba ni amana, si zawadi. Madaftari yanabaki mali ya parokia hata yakiwa rafuni kwa miaka mia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Ukurasa umepasuka katikati. Selotepu ile "ya kumbukumbu" inafaa?

Jibu: Hapana. Gundi yake hubadilika, huingia ndani ya karatasi, na kuiondoa huondoa wino pia. Weka ukurasa ndani ya karatasi laini isiyo na asidi na umwachie fundi wa uhifadhi. Yeye hutumia karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ambao unaweza kulowekwa na kutolewa baadaye.

Swali: Ndugu mwalimu, wazazi walifunga ndoa Juni 1710, lakini mtoto amebatizwa Februari 1710. Karani alikosea?

Jibu: Hakukosea. Kabla ya 1752 mwaka wa Uingereza ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari hiyo ilikuja baada ya Juni. Kwenye orodha andika Februari 1710/11, yaani 1710 kwa hesabu yao, 1711 kwa hesabu yetu. Usi"sahihishe" kilichoandikwa daftarini, na usikigeuze kimyakimya kwenye orodha, maana mtafiti atakayekuja atakuwa na ndoa moja na watoto wawili wasiolingana.

Swali: Daftari letu la miaka ya 1600 limepotea kabisa. Kuna njia?

Jibu: Tafuta nakala za askofu. Tangu 1598 parokia zilitakiwa kupeleka nakala ya maingizo kwa askofu kila mwaka, na nyingi zimo kwenye kumbukumbu za dayosisi. Tahadhari mbili. Kwa miaka ya 1640 na 1650 pengo ni la kawaida, kwani uaskofu ulifutwa 1646 na kurejea 1660. Pia nakala si pacha wa daftari: karani aliruka majina, mara nyingine akaongeza jambo ambalo daftari halikuwa nalo. Vikipatikana vyote viwili, orodhesha vyote.

Swali: Glavu nyeupe je? Na mashine ya fotokopi?

Jibu: Mikono iliyooshwa na kukauka inatosha, glavu ya pamba hupunguza hisia ya vidole na hunasa kingo zilizochanika. Fotokopi usiitumie, kwa sababu kitabu hulazimishwa kulala kifudifudi na mgongo huvunjika. Tumia kamera iliyosimamishwa juu, kitabu kikilala kwenye kabari za sponji zisizolazimisha kufunguka zaidi ya nyuzi 120. Faili mama ya picha iwe TIFF, aina inayotunza ubora wote, na JPEG, iliyobanwa, iwe ya kusoma tu.

Swali: Wino umefifia, mzee mmoja anashauri tuupake dawa ili maandishi yarudi.

Jibu: Msikubali. Dawa hizo zilitumika karne ya 19 na zimeacha madoa ya kahawia yaliyofunika maandishi yenyewe. Jaribuni taa ya urujuanimno katika chumba chenye giza, kwa dakika chache tu; wino wa chuma hunyonya mwanga huo na herufi huonekana nyeusi. Pigeni picha hapohapo, mzime taa.