Steringi ikianza kupiga kelele usikimbilie kununua raki

Kwanza zima redio. Nasema hivi juu mimi nilikaa na kelele karibu mwezi mzima nikidhani ni jeki imelegea huko nyuma, mpaka siku tunatoka Nakuru kwenda Kisumu kusalimia wakwe, gari imejaa watoto na gunia la waru, tumepita Kericho tunashuka kuelekea Awasi nikaanza kuskia tok, tok, na mikononi kwa usukani inagonga kabisa. Nikaipeleka kwa fundi, akashika tairi akatingisha mara mbili, akajipangusa mikono akasema raki imeisha hiyo, yaani ile chuma ya chini inayopokea usukani na kugeuza tairi. Raki ya eks-Japan 18,000 na kazi yake juu. Nikalipa. Kesho yake bampu ya kwanza, tok!

Aliyenisaidia ni kijana wangu wa darasa la 5, akaniambia baba hii kitu hugonga tu ukipandisha mguu mmoja wa gari kwa bampu, ukipandisha yote miwili inanyamaza. Hapo ndo nikajua ni stabilaiza linki, zile fimbo ndogo zenye boli kila mwisho. Miguu yote ikipanda pamoja ile linki haina kazi ya kufanya, mguu mmoja ukipanda peke yake ndo inavutwa. Linki mbili 1,800, nusu saa kazi imeisha.

Kwa hivyo swali la kwanza ni kelele inakuja lini, sauti yenyewe baadaye.

Anza gari ikiwa imesimama, injini inanguruma, mtu azungushe usukani polepole mpaka mwisho kila upande na wewe uko nje. Ukiskia mlio wa uuuuu unaozidi usukani ukifika mwisho, fungua boneti utafute kikopo cha mafuta ya steringi. Kama hakuna kikopo basi yako ni ya umeme, na tafadhali usimwage mafuta yoyote mahali, kuna mtu naskia alijaza kile cha breki. Kama kiko, angalia kiwango na rangi. Mafuta yenye povu inamaanisha hewa imeingia, meusi yanayonuka kuungua hayo ni ya kubadilisha. Soma kifuniko kwanza, gari nyingi zinatumia ATF ya Dexron (yale mafuta ya giaboksi ya otomatiki) lakini Honda inataka mafuta yake. Kutoa hewa ni rahisi: inua magurudumu ya mbele, injini ikiwa imezimwa zungusha usukani kutoka mwisho mpaka mwisho kama mara 15 ukiongeza mafuta yakishuka, halafu washa urudie mpaka povu iishe. Usishikilie usukani kule mwisho zaidi ya sekunde 5, pampu inaumia. Ukiwasha asubuhi na ukikata kona inalia kama paka amekanyagwa, hiyo ni belti, imelegea ama imeisha.

Na hayo mafuta hayanywewi na injini, yakipungua yanavuja. Shika zile buti za mpira huku na huku mwisho wa raki uzifinye. Zikiwa zimelowa mafuta ndani, sawa, hapo ndo raki imekufa kweli.

Ukiskia chuma inaruka, toinggg, usukani ukizungushwa gari imesimama, weka kiganja juu ya springi ya mbele mwenzako akizungusha (vidole visiingie katikati ya springi jamani). Springi ikikaza halafu iruke ghafla, beringi ya maunti ya shoki imekwama, ile ya juu inayoacha shoki izunguke na tairi.

Sasa sehemu ya kuogopa. Egesha mahali tambarare, weka mawe nyuma ya tairi za nyuma, inua mbele kwa jeki halafu uweke stendi ama gogo imara, usiwahi kuingia chini ya gari iliyoshikwa na jeki pekee. Shika tairi juu na chini, kama 12 na 6 ya saa, usukume na kuvuta. Ikicheza, ni boli jointi (kile kiungo cha mviringo kinachoshika mguu wa tairi) ama beringi ya tairi, mwambie mtu akanyage breki ushike tena, mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki ni boli jointi. Halafu shika upande na upande, 9 na 3, ikicheza hapo weka mkono kwa tairodi, ile fimbo inayotoka kwa raki kwenda kwa tairi, mwenzako akitingisha, utaiskia ikigonga chini ya vidole kabla hata hujaiona. Boli jointi ama tairodi iliyolegea si kitu ya kusema nitarekebisha mwisho wa mwezi, ikichomoka tairi inalala upande na usukani unabaki mkononi hauna kazi. Hiyo gari isibebe watoto kwenda shule hata siku moja.

Kelele za ukitembea hazisumbui sana kuzitafuta. Tak tak tak tak ukikata kona yote polepole kwa uwanja ni sivii jointi, kile kiungo cha mwisho wa shafti inayozungusha tairi, chungulia buti yake kama imepasuka na grisi imerukia rimu. Hapa Nakuru na hii vumbi yetu buti iliyopasuka haimalizi muda, vumbi inaingia inasaga jointi kama mchanga. Ukiiwahi kabla haijaanza kulia unasafisha, unaweka grisi na buti mpya. Ikishalia, nunua jointi. Mngurumo wa spidi unaobadilika ukipinda kidogo ni beringi: ukipinda kushoto uzito unahamia kulia, kelele ikizidi hapo, ya kulia ndo mgonjwa. Kukwaruza kila wakati mara nyingi ni kokoto imekwama nyuma ya diski, bisbisi inatosha. Na kukwaruza ndani ya usukani wenyewe usifungue, kuna eabegi hapo, mwachie fundi wa umeme.

Ukibadilisha tairodi hesabu imezunguka mara ngapi ikitoka ili mpya iingie hivyo hivyo, halafu bado uende alaimenti, kupangiwa tairi zielekee sawa, la sivyo tairi mpya zinakwisha upande mmoja kabla ya Krismasi.

Na chochote kikitolewa kwa gari yako, kidai ukibebe nyumbani. Ile raki yangu niliiacha pale gareji, na ilikuwa nzima kabisa.