SOMO: Namna ya kuzunguka majengo ya zamani Kigoma mpaka Ujiji kwa siku moja

Wakuu habari zenu. Wageni wengi wakishuka Kigoma wanakimbilia Ujiji kupiga picha kwenye mnara wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, basi, wanaondoka. Mi nawaomba muanzie stesheni, maana reli ndo iliyofanya Ujiji ipoe na Kigoma iwe mji.

HATUA YA 1. Fika stesheni asubuhi. Reli ya Kati Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na hapa 1914, zaidi ya kilomita 1,200, na waliobeba mataruma ni babu zetu. Usilitazame jengo kwa mbali, ingia chini ya yale matao uweke kiganja ukutani, mi nilifanya hivo saa saba mchana jua linawaka na ukuta bado wa baridi, nikakaa pale kama nusu saa nzima.

HATUA YA 2. Shuka bandarini, ni karibu tu. Hapa ndo ilipoungwa Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000 ikaja kwa bahari mpaka Dar halafu bara, ikashushwa ziwani 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isije ikachukuliwa, ila injini walizipaka grisi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hiyo grisi huwa naifikiria sana, aliyeipaka alijua atarudi.

HATUA YA 3. Kaiser House, jengo la enzi za Wajerumani, sasa ni la serikali, litazame ukipita na simu iache mfukoni.

HATUA YA 4. Panda daladala ya Ujiji, shuka uliza Livingstone, kila mtu anapajua. Kabla ya reli mji ulikuwa huku, misafara ya pembe na watumwa ilipita Tabora mpaka Bagamoyo. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika 1858, na mwandishi wa habari Stanley akamkuta Livingstone 1871. Ukimaliza tembea mitaani taratibu, salimia wazee shikamoo kwanza, ukikaribishwa barazani kaa, usiwe na haraka.

MASWALI

Swali: Mkuu, ule mwembe wanaosema Stanley na Livingstone walikutana chini yake, uliopo sasa ni uleule?
Jibu: Hapana ndugu yangu, ule ulishakufa. Iliyopo wenyeji wanasema imetokana nao.

Swali: Mbona wanasema walikutana ufukweni na mi nilivyoenda ziwa liko mbali?
Jibu: Swali zuri sana hili. Ziwa lilikuwa juu kuliko sasa, kwenye miaka ya 1870 mwishoni maji yakafungua njia mto Lukuga upande wa Kongo, ziwa likashuka na ufukwe ukarudi nyuma. Simama kwenye mnara uangalie chini kule, ardhi yote ile unayoiona wanalima ilikuwa maji.

Swali: Picha bandarini vipi?
Jibu: Omba ruhusa kwanza dada, na stesheni hivohivo.

Swali: Narudi na treni nina siku moja Tabora, niende wapi?
Jibu: Boma la Wajerumani, halafu chukua boda mpaka Kwihara uone tembe la Livingstone (nyumba ya udongo ya paa bapa), limejengwa upya lakini ndo pale alipokaa 1872 akisubiri wapagazi. Beba maji, njiani hakuna duka la maana.