Makopo, maharage arobaini na tajiri wa kipe: namna ya kupima pengo la mali

Huku Kigoma mwenye kipe, yaani chombo cha kuvulia dagaa usiku kwa taa, tunamwita tajiri. Hata kama anadaiwa kila duka la nyavu, ni tajiri tu, na wanaovuta wavu ni vijana wake, pamoja na yule mwenye wajukuu. Mimi nauza dagaa Kibirizi, mwalo wetu wa hapa Kigoma, tena ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kwa hiyo hali za watu nazijua. Mwanangu alipokuja likizo kutoka chuo alinifundisha kipimo cha Gini, namba moja inayoonesha pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho. Yeye alichora mistari kwenye daftari. Mimi nikaona maharage yananielea zaidi.

Tafuta watu watano, makopo matano na punje arobaini za maharage; kila mtu punje zake zinaingia kwenye kopo lake. Wangu walikuwa wa kipe kimoja: tajiri na vijana wanne. Asubuhi ile, baada ya kutoa mafuta na chakula, ilibaki laki nne. Kipe kile kinagawana nusu kwa nusu: tajiri laki mbili, vijana laki mbili, elfu hamsini kila mmoja. Punje moja ikiwa elfu kumi, tajiri ana punje 20 na kila kijana 5.

Sasa linganisha kila mtu na mwenzake, wawili wawili, bila kurudia. Watu watano wanatoa jozi 10. Tajiri na kijana wanatofautiana punje 15, na jozi za namna hiyo ziko nne: 60. Kijana kwa kijana ni sifuri. Kisha zidisha idadi ya watu kwa punje zote, 5 mara 40, upate 200. Gawa 60 kwa 200: 0.30. Sifuri ni pale wote walipo sawa. Kadiri unavyosogea kwenye moja, ndivyo mmoja anavyokula peke yake. (Kwa watu watano tu hutafika moja. Hata mmoja akichukua punje zote inakuja 0.80. Ndiyo maana kikundi kidogo usikishindanishe moja kwa moja na nchi.)

Aliyetoa kipimo hiki mwaka 1912 ni Mtaliano, Corrado Gini, ambaye baadaye alimuunga mkono Mussolini. Mizani nzuri haimfanyi fundi wake awe mtu mwema.

Mwanangu alipoiona 0.30 akacheka: "Mama, hiyo ni Uswidi kabisa!" Nchi zikipimwa kwa njia hii, Uswidi nayo huwa karibu hapo hapo. Afrika Kusini kwa utafiti wa 2014 ilikuwa karibu 0.63, juu kuliko karibu zote zinazopimwa. Slovenia iko kama 0.24, Marekani kama 0.41, na Tanzania kwa utafiti wa 2018 kama 0.40. Ukiona Tanzania na Marekani zimekaa jirani, usishangilie. Sisi tulipimwa kwa kile kaya inachotumia, wao kwa kinachoingia. Mwenye nacho hali vyote anavyopata, kwa hiyo kipimo cha matumizi huwa kinapunguza pengo.

Watu wengi huishia hapo, ndiyo maana wanadanganyika. Mwaga punje, anza upya, safari hii hesabu mali. Kipe, mashine, nyavu, taa, betri na nyumba ya tajiri tulikadiria milioni 18. Vijana, godoro na simu, laki tano kila mmoja. Punje ikiwa laki tano, tajiri ana 36, vijana moja moja. Tofauti ni 35 mara nne, 140. Gawa kwa 200: 0.70. Watu ni wale wale, kipe ni kile kile. Mgao wa usiku mmoja haukuonesha kwamba siku za mbalamwezi, dagaa wasipofuata taa, tajiri ana vyumba vya kupangisha na kijana ana simu ya kuuza.

Na Uswidi nayo iko hivyo hivyo: kipato kimekaribiana, lakini mali imelundikana kwa wachache kuliko nchi nyingi za Ulaya. Kodi ya urithi waliifuta 2004, ya utajiri 2007. Ila usikimbilie kuwaonea huruma maskini wa kule. Mtu anayejua atatibiwa, watoto watasoma na uzeeni atalipwa pensheni, hana sababu kubwa ya kujinyima aweke akiba. Kopo lake tupu si sawa na kopo tupu la kijana wa Kibirizi. Kwa hiyo kando ya makopo andika: huyu akiugua, nani analipa?

Ukipima enzi za Ujamaa ndiyo maharage yanagoma kabisa. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa za kampuni au nyumba ya kupangisha, masharti ambayo CCM ililegeza kwenye kikao cha Zanzibar mwaka 1991. Kwa punje tungeonekana karibu sawa. Lakini miaka ya themanini mwanzoni mama yangu alikuwa na hela ya sukari na sukari hakupata. Jirani yetu aliyejuana na muuza duka la ushirika alikunywa chai tamu. Kujuana hakuna bei, kwa hiyo uliza kwa mdomo: bidhaa ikiadimika, nani anapata kwanza? Nasikia Warusi nao walikuwa na maduka ya wakubwa peke yao.

Jambo la kukuonya. Mara ya kwanza niliwauliza wanakikundi mali zao hadharani. Mama mmoja akasema ana kuku watatu tu, jirani yake akakohoa, kikao kikavunjika na wiki mbili sikusalimiwa. Sasa naweka makopo nyuma ya khanga iliyotundikwa, kila mtu anaingia peke yake na punje zake, na makopo hayana majina. Hesabu haihitaji jina la mtu.

Madeni yawekee kokoto, moja inafuta punje moja. Kokoto zikiwa nyingi kipimo kinaweza hata kuvuka moja, usidhani umekosea. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, nilirudia na watu wale wale watano. Wanne nikawajua kwa makopo yao hata bila majina. Moja lilikuwa na kokoto tatu bila punje hata moja, na nilipomtania kijana mwenyewe baadaye akaniambia zote tatu ni deni la tajiri yule yule, unga na matibabu ya mtoto, atalikata kwenye mgao ziwa likifunguliwa.